Namba A Haizeeki

Shikamoo, mwenye Corolla namba A. Wenzako wa namba E wanasukuma mkopo, wewe unasukuma gari. Jasho ni lile lile. Jumamosi boneti ikifunguliwa, Chamazi nzima inageuka gereji, hata muuza chapati ana la kusema kuhusu plagi.

Fundi wa kwanza aling'oa thamostati: "Mzee, Dar joto, hiki kidude ni cha watu wa baridi." Kidude chenyewe kazi yake ni kuzuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ifike nyuzi 80 na ushee. Sasa kiko jalalani, injini inachelewa kupata moto, petroli inanyweka kama togwa ya bure. Rejeta inajazwa maji ya kisima, yale yale yanayoacha ukoko mweupe kwenye birika. Kulanti waachiwe watu wa Masaki. Rejeta ikitoboka, twende Gerezani, Kariakoo, tukauziwe mtumba "wa Japani" ambao pengine juzi ulikuwa Mbagala.

Hata hivyo, gari limewaka. Nati nne zimebaki kwenye kopo, na fundi ameapa zilikuwa za ziada.