Jinsi ya Kusoma MIS Nakuru Bila Kuhitimu Mtupu

Kwanza, funga laptopu. Somo la Mifumo ya Taarifa za Usimamizi, ambalo makomredi wote wa kitivo cha biashara huliita MIS, limeharibiwa na dhana kwamba ni somo la kompyuta. Mwanafunzi wa Egerton kule Njoro, wa Kabarak, au wa bewa lolote la hapa mjini huingia darasani akitarajia mashine. Hupewa fasili, huzikariri, na wiki ya mtihani ikifika hujikuta anaandika mwakenya, karatasi ya kuibia mtihani, kwa herufi ambazo hata sisimizi angehitaji miwani kuzisoma. Kisha anahitimu kwa gredi nzuri, na shangazi yake mwenye duka la jumla akimuuliza kwa nini unga humwishia kila Ijumaa, anamjibu kwamba hilo halikufundishwa. Lilifundishwa. Ndilo somo lenyewe.

Vifaa vya kozi ni daftari, kalamu, nauli, viatu visivyoogopa matope ya Mau na adabu mbele ya wakubwa.

Kitabu usikiache. Cha Kenneth na Jane Laudon kinapatikana katika maktaba nyingi na ni kizuri, ingawa mifano yake mingi inatoka ng'ambo. Humo utakutana na piramidi: chini shughuli za kila siku, katikati mameneja, kileleni wakurugenzi. Robert Anthony wa Harvard aliuweka msingi wa wazo hilo mwaka 1965, na limechorwa ubaoni mara nyingi mno tangu hapo. Usilichore tena. Lipeleke kwenye maziwa.

Amka alfajiri uende kituo chochote cha kukusanyia maziwa, Bahati au Olenguruone. Karani anapima uzito wa maziwa, anayakagua kama yametiwa maji, na anaandika lita kwenye kadi ya mkulima na kwenye leja ya chama. Hiyo ndiyo orofa ya chini ya piramidi, nayo inanukia maziwa mabichi. Mwisho wa mwezi lita hizo zinageuzwa kuwa shilingi, kisha yanakatwa malisho yaliyochukuliwa kwa mkopo, gharama ya kupandishia ng'ombe na deni la Sacco. Meneja anazitazama lita zilezile akiuliza ni njia gani imepungukiwa wiki hii, na kama tatizo ni kiangazi, barabara au mnunuzi wa kando anayelipa taslimu. Mwenyekiti naye anauliza kama chama kinunue tangi jingine la kupozea. Maziwa ni yaleyale, lakini kila mmoja ana uamuzi wake wa kufanya. Mwanafunzi asiyeweza kusema nani anataka kujua nini, na ajue lini, arudi kituoni kesho yake alfajiri.

Ukiwa hapo, mwombe mama mmoja akuonyeshe daftari lake. Wengi wanalo nyumbani, japo wana kadi na siku hizi mizani nyingine hutoa risiti. Muulize kwa upole kwa nini anaandika mara ya pili. Atakueleza kuhusu lita zilizotoka kwake zikiwa nane zikafika ofisini zikiwa sita, na katika dakika hizo utakuwa umeelewa ukaguzi wa ndani, uaminifu wa data na siasa za ushirika. Usiipige picha leja wala daftari lake bila ruhusa. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inamhusu na yeye pia.

Atakayekucheka kwamba maziwa si teknolojia, mwambie habari za J. Lyons. Hiyo ilikuwa kampuni ya Uingereza ya migahawa ya chai na keki, nayo ndiyo iliyojitengenezea kompyuta ya biashara, LEO, ambayo mnamo Novemba 1951 ilianza na hesabu za kiwanda cha mikate. Baadaye wasimamizi wa migahawa walipiga simu kila siku kusema tu kilichobadilika katika oda yao ya kawaida, basi. Kompyuta ya kwanza kufanya kazi ya kila siku ya biashara ilikuwa inawaza keki ngapi ziokwe.

Sasa njoo mjini, maana Nakuru ina hazina ambayo vyuo vyake vinaipita kila asubuhi vikikimbilia mifano ya Marekani. Maduka makubwa ya Kenya kwa sehemu kubwa yamezaliwa katika kaunti hii. Jina la Nakumatt lilitokana na Nakuru Mattresses, duka la magodoro. Naivas ilianzia Rongai, hii ya kwetu, mwaka 1990, na Tuskys ilikuwa ya ukoo huohuo wa Rongai. Nakumatt ilikua hadi matawi zaidi ya 60 katika nchi nne za Afrika Mashariki. Januari 2018 iliwekwa chini ya msimamizi wa mahakama, na Januari 2020 wadai walipiga kura ifungwe, ikiwa na madeni ya zaidi ya shilingi bilioni 30. Tuskys ilifuata njia hiyo. Naivas ingali wazi.

Kaa na jambo hili kwa semista nzima ikibidi. Kila pakiti ya majani chai iliyopita kwenye kaunta za Nakumatt ililia pii na kuacha rekodi: saa, tawi, bei. Wateja walikuwa na kadi za pointi. Data ilijaa tele, na wakati huohuo wenye bidhaa walikuwa wakisubiri malipo miezi na miezi hadi rafu zikaachwa wazi. Jiulize ripoti ya madeni yaliyochelewa ilimfikia nani, na aliyeisoma alikuwa na uwezo gani wa kusimamisha ufunguzi wa tawi jipya. Mfumo unaweza kuona moto vizuri sana, lakini kuuzima si kazi yake. Ningekuwa na mamlaka, hakuna mwanafunzi wa biashara katika Bonde la Ufa ambaye angehitimu bila kuandika insha juu ya maduka haya, na angekatazwa kuitaja Amazon hata mara moja.

Zoezi linalofuata ni la stejini, nalo halina budi kufanywa ukiwa umekaa ndani ya matatu inayosubiri kujaa. Mwaka 2013 Google na benki ya Equity walileta kadi ya nauli ya BebaPay. Mwaka uliofuata serikali ikaagiza matatu zote ziache kupokea taslimu. Mwaka 2015 BebaPay ikafungwa. Teknolojia ilifanya kazi. Muulize makanga kilichokwama. Yeye na dereva hulipwa kutokana na kinachobaki baada ya mafuta na hesabu ya mwenye gari, na kadi ilimwonyesha mwenye gari kila shilingi. Abiria naye alitakiwa kubeba kadi nyingine ilhali mfukoni alikuwa na M-Pesa tangu 2007. Leo abiria wengi wanalipa kwa simu bila kushurutishwa, kwa kuwa fedha inamfikia anayeitumia. Andika hayo chini ya kichwa “upinzani wa watumiaji” na umpe mhadhiri.

Kuhusu kazi ya kikundi: mtu ambaye hajaenda uwanjani asiandikwe jina. Nimemaliza.

Halafu mradi wa mwaka wa mwisho. Usiununue saiba. Usibuni mfumo wa kuazima vitabu. Maktaba ina wake. Panda uende Molo ukaufuate mfumo wa mbolea ya ruzuku. Tangu 2023 wakulima wamesajiliwa kupitia kwa machifu katika mfumo uitwao KIAMIS, nao hupokea ujumbe wa simu wenye namba ya kuchukulia mbolea katika ghala la bodi ya nafaka, NCPB, mfuko wa kilo 50 kwa shilingi 2,500. Ni hatua kubwa, ukikumbuka ruzuku ya zamani ilivyopitia mikono ya mawakala. Lakini ujumbe unaweza kufika wakati aina ya mbolea inayotakiwa imekwisha ghalani, au nauli ya kwenda na kurudi ikala faida. Mkulima anahitaji kujua kabla hajapanda gari: ipo au haipo? Jibu la neno moja. Kikundi cha wanafunzi wanne kinaweza kuchora njia ya jibu hilo kutoka ghalani hadi kwenye simu ndogo ya mulika mwizi isiyo na intaneti, kwa Kiswahili na Kikalenjin na Gĩkũyũ.

Mkishapata alama zenu, msiufungie mradi kabatini. Rudini kwa watu waliowapa muda wao, muwaonyeshe mlichochora, na mkae kimya wanapoeleza palipokosewa. Mwachieni karani wa ghala karatasi moja ya maelekezo yanayosomeka, pamoja na namba ya simu ya mmoja wenu. Akipiga Jumapili kusema stima imepotea na mfumo haufunguki, pokea.