Shemeji na Injini ya Baba Neema

Tangu shemeji yangu ahamie kwetu Bugarika, hakuna chombo jikoni kilichobaki na kazi moja. Beseni la kuoshea mchele limeoshea kabureta. Sufuria ya chai imechemshia mnyororo kwenye grisi. Mswaki wa mwanangu Neema umesugua plagi, na mwenyewe aliambiwa baadaye.

Chanzo ni mlima. Mwanza imejengwa juu ya miamba, na njia ya kuja kwetu inapanda kama ngazi. Pikipiki ya mume wangu, Baba Neema, ni ya Kichina, nakala ya Honda CG125, injini ya miaka ya 1970 ambayo fundi yeyote wa kijiweni anaifungua akiwa anapiga soga. Ikitubeba mimi, Neema na kiroba cha mkaa, inafika nusu ya mlima, inakohoa, tunashuka, tunatembea. Jambo hilo lilimuuma Baba Neema kuliko alivyokiri. Mdogo wake akamwambia, "Kaka, hii tunaiongezea nguvu."

Hesabu yake ilikuwa sahihi, simnyimi haki yake. Pistoni ya kawaida ina kipenyo cha milimita 56.5 na mwendo wa milimita 49.5; hiyo ndiyo 125 yenyewe. Ukitia ya milimita 62 bila kugusa krenki, unapata cc 149. Injini ikashushwa, ikapelekwa kwa fundi wa kukereza vyuma ili mdomo wake upanuliwe, silinda mpya iingie. Ikarudi ndani ya ndoo. Mpaka hapo sikuwa na neno.

Neno lilianza aliposema mgandamizo hautoshi, hedi lazima ipunguzwe. "Shemeji, humu ndani kuna kioo kilichonyooka?" Kilichonyooka kuliko vyote kilikuwa cha meza ya sebuleni. Akatandika msasa juu yake, akamwagia maji ya sabuni, akalaza hedi kifudifudi, akaanza kuisugua kwa mikono miwili huku akichora nane. Tope la kijivu likachuruzika hadi kwenye zulia. Kila mara anaipindua, anaipaka wino wa kalamu ya shule, anasugua tena. Wino ukifutika pote kwa pamoja, ujue uso umenyooka. Mama mkwe alikuwa kwenye kochi anachambua mchele. "Hicho mnakitengeneza au mnakipika?" Hakujibiwa. Kioo kilibaki na ukungu katikati, na mpaka leo kitambaa ndicho kinachotusitiri mbele ya wageni.

Pikipiki ilipofungwa, kiki ya kwanza ilirudi kwa nguvu, mguu wa Baba Neema ukarushwa na ndala yake ikatua barazani kwa jirani. "Umeona mgandamizo?" shemeji akafurahi. Kisha akatoa chujio la hewa, eti ipumue, na tumbo la ekzosi akalitoboa. Watoto wachanga wa mtaa mzima waliamka. Lakini mlima tuliupanda bila kushuka, lazima niseme.

Sasa, kabureta ilikuwa ileile ya 125 na jeti yake ileile. Hewa imeongezeka, petroli haijaongezeka, na mchanganyiko wa namna hiyo huichemsha injini vibaya. Mlimani ikaanza kugonga. Shemeji akasema hiyo ni sauti ya nguvu. Fundi mzee wa pale chini barabarani akafungua plagi, akatuonyesha ncha nyeupe pe. "Ingekuwa kahawia hafifu, ningewapongeza. Nyeusi, petroli imezidi. Hii nyeupe mnachoma, wanangu."

Wakaahidi kununua jeti kubwa mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi haukufika. Baba Neema alirudi usiku anaisukuma, mkaa bado uko nyuma. Pistoni ilikuwa na tundu katikati. Neema akaingiza kidole chake kidogo kikapita.

Yule mzee ndiye aliyeijenga upya: pistoni mpya, jeti inayolingana nayo, gasketi nene kupunguza mgandamizo, chujio likarudi mahali pake. Halafu akabadilisha speketi ya nyuma, akafunga yenye meno mengi zaidi. Mbio kwenye lami zimepungua kidogo, ila mlimani inavuta. Akasema hata ile 125 ingepanda kwa speketi hiyo bila kufungua injini. Baba Neema alitazama pembeni; shemeji alikumbuka ana mtu wa kuonana naye sokoni.

Kwa hiyo msomaji, pikipiki yako ikishindwa mlima, muulize fundi habari za speketi kwanza. Na shemeji yako akiulizia kioo, mwambie nyumbani kwenu mnatumia meza za mbao.