Mkazi wa "Nyinginezo"

Shemeji yangu hamiliki hisa hata moja ya kampuni yoyote ya simu, lakini ukimkuta kijiweni jioni utadhani vitabu vya hesabu vya Samsung hulala chini ya mto wake. Takwimu za mauzo zikitoka, anazifuatilia kama msimamo wa ligi: nani kapanda, nani kashuka, nani anachungulia shimo la kushuka daraja. Januari 2024 zilipotoka hesabu za kampuni ya utafiti wa soko, IDC, kwamba mwaka 2023 Apple ilisafirisha simu milioni 234 na Samsung milioni 226, alikuja kwenye kahawa kanuna, kashata hakugusa. Ilibidi tumpe pole. Kijana mmoja muuza mitumba, ndiye pekee mwenye iPhone pale kijiweni, akawanunulia watu wote kahawa kwa furaha. Kahawa hiyo aliinunua kwa mkopo, maana hata ile simu yenyewe bado alikuwa anailipia.

Mimi katika ubishi huo sina timu. Chukua chati yoyote ya mwaka ule uitazame: utaiona Apple, Samsung, Xiaomi, OPPO na Transsion, kila mmoja na rangi yake ya kuvutia, halafu chini kabisa kuna kipande cha kijivu kimeandikwa "nyinginezo". Huko ndiko nyumbani kwangu.

Simu yangu niliipata zawadi kutoka kwa mjomba, alipokuja likizo kutoka Muscat. Jina la kampuni sitalitaja. Zawadi haisemwi, na hata ningelitaja ungedhani nimepiga chafya. Simu yenyewe ni nzuri. Sauti yake safi, betri inakaa, mkononi imetulia. Ila tangu niipate sijawahi kuona nyingine kama hiyo, njia nzima kutoka Mbagala hadi Posta.

"Simu isiyo na wenzake ni yatima," shemeji alinikejeli siku ya kwanza kuiona. Nikamjibu kwamba asilimia za soko ni habari za wenye hisa. Apple inauza kama simu moja kati ya kila tano duniani, lakini zaidi ya nusu ya faida ya biashara nzima inaingia mfukoni mwake; je, kuna mtu aliyemletea yule kijana wa mitumba angalau kashata? Nokia nayo iliongoza dunia tangu 1998, ikauza ile 1100 yenye tochi zaidi ya milioni 250, kisha mwaka 2012 Samsung ikaipita. Siku ile ilipopitwa, kuna tochi yoyote iliyofifia? Bibi yangu aliendelea kumulikia kuku wake bandani kama kawaida, bila kujua kwamba ameshuka nafasi ya pili duniani.

Hoja hiyo naiona nzuri hadi leo. Ila ina nyongeza yake, na nyongeza hiyo niliipata Kariakoo.

Daladala ilifunga breki ghafla Mtongani, simu ikanitoka mkononi, ikaangukia ngazi za mlangoni. Konda, kwa nia njema kabisa, akaiwahi kwa mguu isidondoke barabarani. Haikudondoka. Kesho yake nikaipeleka Mtaa wa Aggrey, ambako ukirusha jiwe litampata fundi simu, na likimkosa litampata anayemsubiri fundi simu.

Fundi wa kwanza aliigeuza, akaigeuza tena, akaita mwenzake. "Hebu njoo uone." Mwenzake naye akaita mwingine. Baada ya muda ilikuwa inapita mkono kwa mkono, watu wakiuliza ni ya nani na imefikaje. Mmoja aliipiga picha, nadhani akamwonyeshe mkewe. Nilipouliza bei ya kioo, wote walinitazama kwa huruma.

"Mzee wangu," fundi akanieleza, "vioo haviji kimoja kimoja." Anayeagiza vioo, akienda mwenyewe Guangzhou au akiwatumia oda watu wake kule Shenzhen, hununua kwa maboksi. Boksi lazima litembee. Kwa hiyo anaangalia simu gani ziko mikononi mwa watu huku kwetu, zipi zinadondokea ngazi za daladala kwa wingi, halafu analeta vya hizo. Fundi akanivutia droo zake: Tecno, Infinix, Itel, Samsung, kila aina imepangwa kwenye vifuko vyake, na droo nzima ya iPhone peke yake. "Akileta boksi la hiki chako, atakuuzia wewe kimoja. Vinavyobaki atawarithisha wajukuu."

Pale ndipo nilipoona shemeji na mimi tulikuwa tunabishania soko lisilo letu. IDC wanahesabu simu zinazotoka viwandani kwenda madukani, dunia nzima, kwa mamilioni. Mwenye simu ana haja gani na dunia nzima? Haja yake ni ile droo. Kampuni inaweza kutamba huko Ulaya au Amerika, na pale Aggrey ikawa haina hata kifuko. Na yule wa tano katika ile chati, Transsion, mwenye Tecno na Infinix na Itel, wengi wa Ulaya hawajawahi kumsikia. Kwetu ndiye mwenye mtaa.

Na kuwa na mtaa kuna faida zake. Transsion makao yake ni Shenzhen, ilianza mwaka 2006, na biashara yake iliijengea Afrika. Ndiyo maana iliweka nafasi ya laini mbili mapema, ikijua kwamba hapa mtu anapigia mtandao huu na kununua bando mtandao ule. Iliweka betri za kudumu kwa watu wanaokatikiwa umeme. Kamera ikaipima kwa ngozi nyeusi. Kamera ya simu yangu ilipimwa kwa ngozi ya watu wengine. Picha ya familia tuliyopiga Idi jioni, barazani, imetoka vizuri sana: baraza linaonekana, sinia la biriani linaonekana, na pale niliposimama mimi kuna meno na kola ya shati.

Picha za baada ya hapo zina mstari mweusi upande wa kushoto. Huo si ubovu wa kamera, ni kava. Kava la simu yangu halipo, kwa hiyo muuzaji mmoja alichukua la simu nyingine, akalikata kwa wembe, akalipasha moto kidogo, akalibana. Tundu la kamera likakaa karibu na kamera. Mke wangu amesharidhika. Kila tunapopiga picha anasimama kulia.

Lakini kisa cha chaja ndicho kinachonikera hadi sasa. Nilikwenda Lushoto kwenye msiba, chaja nikaisahau Dar. Sikuwa na wasiwasi, maana pale njia panda kuna kibanda kina sola na kibao "Tunachaji simu". Kijana wa kibanda alikuwa na waya wenye vichwa vingi vya kila namna: pini ndogo ya Nokia, pini nene, pana, ya duara, mpaka kichwa kimoja ambacho yeye mwenyewe hakujua ni cha nini. Tukakijaribu hicho kwa matumaini makubwa. Hakikuingia. Akatoa chaja ya kobe, akaniambia nichomoe betri. Betri ya simu yangu haichomoki. Akakaa kimya kidogo, kisha akaniuliza kwa adabu, "Samahani baba, una uhakika hii ni simu?" Pembeni yangu vitochi vya kijiji kizima vilikuwa vimejipanga vinanyonya jua.

Wazungu wa Umoja wa Ulaya wamelimaliza tatizo hili kwa sheria: tangu Desemba 28, 2024 simu mpya zinazouzwa kwao lazima zitumie tundu la aina moja, USB-C, na Apple ilikuwa imeshahamia huko tangu iPhone 15 ya 2023. Nawapongeza. Msiba wa Lushoto ulikuwa kabla ya hapo.

Kuna jambo moja ambalo limeniponya, na haki yake niiseme. Simu yangu ni ya nyinginezo kwa jina la kampuni tu. Ndani inaendeshwa na Android, ambayo ipo katika takriban simu saba kati ya kila kumi duniani. Kwa hiyo programu zote ninazo. WhatsApp haijui kama nipo peke yangu. Inaona Android, inaingia. Waliokuwa peke yao ndani na nje wanajua uchungu wake. Windows Phone ya Microsoft ilikuwa na simu nzuri: Nokia Lumia 1020 ya mwaka 2013 ilikuwa na kamera ya megapikseli 41, wakati iPhone ikihangaika na nane. Lakini watumiaji walikuwa wachache, kwa hiyo waandishi wa programu hawakujisumbua, na programu zilipokosekana watumiaji wakazidi kuwa wachache. Microsoft iliinunua biashara ya simu ya Nokia, ikakabidhiwa Aprili 2014. Julai 2015 ikafuta vitabuni dola bilioni 7.6. Mwisho wa 2019 WhatsApp ikazihama simu hizo, kama ilivyokuwa imezihama BlackBerry za zamani mwisho wa 2017. Asikudanganye mtu: siku kundi la familia linapohamia pengine na wewe umebaki, asilimia za soko zimekuhusu. Utasikia arusi imepita.

Hapa shemeji angepaswa kunicheka, lakini hana uso wa kunichekea tangu arusi ya binamu yake.

Ilikuwa kikao cha mwisho cha kamati, nyumba imejaa, ekstensheni moja sakafuni, simu zimelala pembeni yake zinachaji. Nyingi zilikuwa za toleo lile lile, la walio wengi, zote zimevaa kava jeusi. Shemeji aliondoka usiku amechukua ya kwake. Kwenye bajaji, simu ikaita mlio wa muamala. Laki moja. Kabla hajafika Temeke, laki mbili nyingine. Akaniambia baadaye kwamba hakushtuka. Alidhani kuna mtu aliyemkopesha zamani ameingiwa na hofu ya Mungu. Aliamka asubuhi akiwa na milioni na ushee, na wakwe zake mlangoni. Alikuwa amelala na simu ya mweka hazina. Simu yake yeye ilibaki kule, na mweka hazina aliitumia usiku kucha kujaribu namba ya siri mpaka ikafungwa. Mimi ya kwangu ilikuwa kwenye ekstensheni ile ile. Hakuna aliyeigusa. Hata chaja yangu, nyumbani kwangu penye watoto wanne na wageni wasiokwisha, iko pale pale nilipoiweka.

Halafu kuna simu feki. Usiku wa Juni 16, 2016, Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilipoagiza simu feki zizimwe, nchi nzima ilikuwa inabonyeza *#06# na kunong'ona kama inasoma dua. Jirani yangu yake ilizima. Ilikuwa na jina linalofanana sana na la kampuni kubwa, herufi moja tu ndiyo iliyokosea njia. Mimi nililala fofofo. Wa kughushi huwaghushi wakubwa. Ya kwangu haijawahi kupewa heshima hiyo.

Basi nikaendelea na kioo kilichopasuka, nikisoma ujumbe kwa kuinamisha simu upande, mpaka fundi wa Aggrey akanipigia. Wakati ule alikuwa ameniambia dawa ni moja tu: apatikane mtu mwenye simu kama yangu, iliyokufa kwa ugonjwa mwingine. "Mzee, njoo haraka," akasema. "Amepatikana."

Nilimkuta mzee mmoja wa makamo, kavaa kanzu, kaishika mkononi. Nusura nimkumbatie. Simu yake haina hata mkwaruzo, uso unang'aa, ila sistimu chaji imekufa na haiwaki. Ya kwangu uso umeharibika, sistimu chaji nzima. Fundi akatutazama kama kadhi aliyewapata mashahidi wote. Ikabaki kuamuliwa tu ni ipi ichinjwe.

Nikamwambia mzee naomba aniuzie yake, kwa kuwa imeshakufa. Akasema yake haijafa, inasubiri tu, na kwa kuwa ya kwangu imeshaharibika sura, heri nimuuzie yeye. Nikapandisha bei. Naye akapandisha. Yake, akasema, kaletewa zawadi na mwanawe. Nami nikamtaja mjomba. Fundi akatununulia soda, jua likazama, na kila mtu akaondoka na yake.

Tulibadilishana namba. Kila Ijumaa baada ya swala hunipigia, kwa kitochi, maana ile nyingine haiwaki. "Simu inaendeleaje?" ananiuliza. Namwambia haijambo, jana imechaji mpaka ikajaa. "Alhamdulillahi," anajibu kwa unyonge. Kisha namuuliza na mimi hali ya kioo, namsihi asiiweke mfuko mmoja na funguo. Wiki iliyopita aliniambia amekikatia protekta ya simu nyingine kwa mkasi, imekaa vizuri. Nilimshukuru kwa moyo wangu wote.