Pikapu ya Mwenzetu

Mwenzetu mpiga dabo besi anatafuta pikapu. Si ile ya kubebea mbao, ingawa besi lenyewe halienei kwenye teksi. Anataka kidude cha kunasia sauti, maana ukumbini kibodi imemmeza: vidole tunaviona, mlio hatuusikii.

Kwanza alinunua ya sumaku. Akaifunga, akapiga, kimya. Nyuzi zake ni za utumbo wa kondoo, na sumaku haina habari na utumbo, inataka chuma. (Angeuliza kabla ya kulipa, lakini mabingwa hawaulizi.) Akaja na ya piezo, inayobanwa kwenye daraja la nyuzi na kugeuza mtikisiko kuwa umeme. Akaichomeka moja kwa moja kwenye miksa, na besi la kimo cha mtu likalia kama bata. Piezo inataka priampu (kikuza sauti cha awali) yenye ukinzani mkubwa wa kuingilia, walau megaomu 1; miksa nyingi hazifiki huko.

Sasa ametega maikrofoni, spika ziko mgongoni, na besi linapiga yowe kabla hajaligusa.

Priampu, anasema, ni ghali. Besi alilinunua kwa bei ya pikapu. Ile ya mbao.