Sifa za Mkia wa Kijerumani

Wapo wanaosifu magari ya Wajerumani, wapo wanaosifu mpira wao. Mimi nasifu mikia ya vivumishi vyao, ambayo haijapata mtetezi wa maana tangu Mark Twain alipoisema vibaya mwaka 1880.

Mikia yenyewe ni mitano tu: -e, -en, -er, -es na -em. Jedwali lake, hata hivyo, lina visanduku 48, maana kuna mitindo mitatu, hali nne za nomino, jinsia tatu, na wingi juu yake. Mitano inatosha vyote 48, na chenji inabaki. Ni waziri gani wa fedha aliyewahi kunyoosha bajeti namna hiyo?

Tazama maji baridi. Yakiwa peke yake ni kaltes Wasser. Yakiongozwa na kibainishi das, ni das kalte Wasser. Ukinawa nayo ni mit kaltem Wasser. Ukinawa yale tuliyokwisha kuyataja, mit dem kalten Wasser. Maji ni yaleyale, na bado ni baridi. Lakini ona adabu iliyomo! Das ikishatangaza jinsia, kivumishi hakipigi kelele, kinatulia na -e yake. Das isipokuwepo, kivumishi kinaibeba ile -s chenyewe. Mvivu wa ukoo wa vibainishi ni ein. Chai ya moto ni der heiße Tee, ila ein ikishika zamu haisemi kitu, basi kivumishi kinalazimika kuokota -r iliyoachwa: ein heißer Tee. Kazini kila mtu anamjua ein wake.

Mgeni naye amefikiriwa. Akibabaika, aseme -en: visanduku 26 kati ya 48 ni vyake, na hakuna bahati nasibu yenye huruma hiyo. Au aumeze mkia kabisa, wenyeji wadhani ana mafua. Au aseme das Wasser ist kalt, maana baada ya ist, yaani “ni”, kivumishi hakivai mkia, hivyo mtu anaweza kuishi miaka akitamka hukumu fupifupi na kuheshimiwa kama mwanafalsafa.

Yapo na maneno yaliyosamehewa, mfano rosa (waridi) na lila (zambarau), kama safi na rahisi kwetu: ein rosa Kleid, gauni la waridi, basi. Lakini Wajerumani wenyewe hawavumilii kuona kivumishi kikitembea bila mkia. Mitaani wamekitungia mkia, na utawasikia wakisema ein rosanes Kleid, walimu wao wakikunja uso.