Sifa za Daftari la Matengenezo

Washairi wawasifu wakubwa wao. Mimi, mkazi wa Rasbura, Lindi, nalisifu daftari la matengenezo: lile la jalada gumu, lenye doa la grisi, linaloning'inia kwa kamba ya katani kwenye mlango wa pampu ya maji mtaani kwetu. Haliombi posho, haliendi semina Dodoma, na nzi wakitua juu yake halilalamiki.

Ila sifa yake kuu ni imani. Liandikie "pampu imekaguliwa, ni nzima," litaamini, hata kama pampu iko kimya na akina mama wamepanga ndoo tangu alfajiri. Haliulizi fundi alifika saa ngapi, wala kwa nini wiki nzima imejazwa kwa mkupuo mmoja, kwa kalamu moja, siku ya mshahara. Ukiliandikia kwamba pampu imefunga ndoa na tangi, litakuuliza tarehe tu, likaacha nafasi ya saini za mashahidi. Walii gani ana moyo huo?

Na si la Lindi pekee. Tarehe 6 Septemba 2003, katika karakana ya Lockheed Martin huko Sunnyvale, Marekani, mafundi walikuwa wakiiinamisha setilaiti ya hali ya hewa, NOAA N-Prime, juu ya toroli lake la kugeuzia. Bolti 24 za kushikilia bamba la toroli hilo zilikwisha kutolewa, na aliyezitoa hakuandika. Karatasi zikasema kila kitu kiko sawa. Setilaiti ikaanguka sakafuni kama papai. Kuitengeneza kuligharimu dola milioni 135, ikarushwa Februari 2009.

Hapo mzaha unanitoka. Daftari lina kosa gani? Ripoti ya uchunguzi inaeleza kuwa msimamizi wa mafundi aliyaona matundu matupu, akasema. Akapuuzwa. Mhandisi alikuwa hapo hapo, hatua chache kutoka kwenye matundu, akaona afadhali karatasi. Kwetu msemaji wa namna hiyo huitwa mjuaji. Bibi jirani alisema pampu inanguruma vibaya, akajibiwa kwamba kwenye daftari haina tatizo, na yeye ukaguzi kausomea wapi? Tukanunua maji ya mkokoteni mpaka tukachoka.

Basi, waheshimiwa wakaguzi, mkija tena msiishie mlangoni kwenye kamba. Njooni na spana. Ufunguo anao mlinzi, na yeye yupo kila siku.