Kadhi wa Dhumna

Yule adhaniaye kwamba kazi ya muuza kahawa pale Jaws Corner, Mji Mkongwe wa Unguja, ni kumimina kahawa, na akae barazani tangu alasiri hata isha, ndipo atakapobaini ya kuwa kumimina ndiyo sehemu ndogo kabisa ya shughuli ile. Dele li juu ya makaa, finjani zasuuzwa katika ndoo moja ambayo maji yake, staghafirullahi, yaliacha kuwa maji tangu magharibi, na huku mwenyewe hana budi kuwa kadhi wa dhumna, shahidi wa madeni, na mtunza siri za waume waliowaaga wake zao kwamba wanakwenda msikitini. Serikali huangushwa hapo na kuundwa upya kabla ya kashata kwisha. Naye, afanyaye kazi peke yake katika majlisi nzima, huulizwa rai yake mwisho, tena kwa sharti aafikiane na yule anayedaiwa finjani nyingi zaidi. Juzi bwana mmoja alikunywa finjani moja, akahutubu saa tatu, kisha akaichungulia.

"Ami, mbona leo hukutia tangawizi?"

Akamiminiwa nyingine, bure.